Askofu Aliyekataa Kutiwa Mfukoni

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotutaka tuandike kuhusu shujaa wa Afrika, wenzangu wengi walimkimbilia Mandela. Mimi nilikwenda kwa babu. Enzi za Idi Amin, babu alikuwa utingo wa lori lililobeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala. Jina alilonitajia ni la Askofu Mkuu Janani Luwum.

Luwum, Mwacholi, alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, karibu na Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mifugo ya babake na alichelewa kuanza shule. Hata hivyo alijikaza kisabuni hadi akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa 1948 aliokoka, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha dini cha Buwalasi. Baada ya kuwa kasisi alisomea Uingereza pia. Mwaka wa 1969 alifanywa askofu, na 1974 akachaguliwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Cheo hicho alikipata wakati mambo yamechacha. Tarehe 25 Januari 1971, jeshi likiongozwa na Amin liliipindua serikali ya Milton Obote, naye Obote yuko safarini Singapore. Amin aliahidi kwamba wanajeshi wangeshika usukani kwa muda tu, kisha uchaguzi ufanywe na raia warudishiwe serikali yao. Wapi! Bunge lilivunjwa, uchaguzi haukuja, na mwaka wa 1976 akatangazwa rais wa maisha. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikuwa amenyakuliwa mahakamani mwaka wa 1972 akauawa.

Dini nazo Amin alitaka ziwe chini ya kwapa lake. Aliunda idara ya serikali ya mambo ya dini, akaingilia ugomvi wa maaskofu wa Kianglikana, na Baraza Kuu la Waislamu likaundwa chini ya usimamizi wake. Mwanzoni wengi walidhani ni mpatanishi tu.

Hapa ndipo ninapompendea Luwum. Hakuikimbia serikali. Alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za usalama kuwaulizia watu waliokamatwa. Kuna waliomlaumu ati yuko karibu mno na wakubwa. Kwa maoni yangu, anayemtetea mfungwa hana budi kubisha hodi kwa mwenye ufunguo.

Usiku wa manane, tarehe 5 Februari 1977, askari waliivamia nyumba yake Namirembe wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia uvamizi huo pamoja na mauaji ya raia. Barua hiyo ilikuwa na sahihi zao. Hawakujificha.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala. Silaha zilianikwa mbele ya umati wa wanajeshi, na Luwum akatajwa katika njama ya kuipindua serikali. Maaskofu wengine waliambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kuwa yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Njia ya mwongo ni fupi: mwili wake ulikuwa na majeraha ya risasi.

Kaburi lilichimbwa Namirembe, kando ya lile la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka wa 1885. Serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko. Waumini walifurika kanisani, wakasali mbele ya kaburi tupu. Mkewe, Mary, na watoto walikimbilia hapa kwetu Kenya.

Babu alikuwa njiani habari ya ile ajali ilipotangazwa redioni. Anasema hakuna aliyefungua kinywa ndani ya lori, hata dereva aliyependa gumzo, mpaka walipovuka Malaba. Wote walijua ni uongo.

Amin alitimuliwa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Alifia ugenini, Saudi Arabia, mwaka wa 2003. Sanamu ya Luwum nayo iliwekwa Westminster Abbey, London, mwaka wa 1998, na tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda.

Babu bado anakionea haya kile kimya cha ndani ya lori. Nilijaribu kumtuliza, nikamwambia alikuwa kijana mwenye familia changa, angefanya nini? Alinitazama kwa muda, kisha akanikumbusha kuwa Luwum naye alikuwa na watoto. Nilikosa la kujibu. Je, wewe msomaji ungejibu nini?