Sheikh Muhammad Abduh: Mwanafunzi Aliyeikimbia Elimu

Ndugu msomaji, wengi wetu tumelisikia jina la Sheikh Muhammad Abduh, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa Mufti wa Misri. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba mwanachuoni huyu, ambaye kalamu yake iliwazindua Waislamu wa nchi nyingi, katika ujana wake aliikimbia elimu kama mtu akimbiavyo moto.

Alizaliwa mwaka 1849, akalelewa katika kijiji cha Mahallat Nasr, baina ya wakulima. Alihifadhi Kurani angali mdogo. Mwaka 1862 babake alimpeleka Tanta, katika msikiti wa Sayyid Ahmad al-Badawi, apate kusoma tajwidi. Kisha akaanzishwa nahau kwa sharhi ya Ajurumiya. Hapo ndipo yalipoingia mashaka. Waalimu wakitaja istilahi za nahau na fiqihi pasi na kueleza maana zake, kana kwamba mtoto amezaliwa akizijua. Ukapita mwaka na nusu, naye hakufahamu kitu. Akakata tamaa, akatoroka, akajificha kwa wajomba zake miezi mitatu, hata nduguye akampata na kumrejesha kwa nguvu. Asikae, akarudi kwao, akaoa mwaka 1865, akaazimia kushika jembe maisha yake yote.

Babake hakuridhika, akaamuru arudishwe Tanta. Njiani kijana akakimbia tena, akaingia katika kijiji cha jamaa zake. Huko alikuwako Sheikh Darwish, mjomba wa babake, mtu mcha Mungu aliyewahi kusafiri hadi Tripoli kutafuta elimu. Mzee huyo alimletea kitabu, akamwomba amsomee. Kijana akakitupa mbali. Mzee hakumkemea wala hakumpiga. Alikiokota, akamrudia kwa upole, mara ya pili na ya tatu. Kijana akaona haya, akasoma mistari michache, na kila sentensi mzee akamfafanulia kwa maneno mepesi. Hazikupita siku nyingi, michezo ikamchukiza na vitabu vikawa ndiyo starehe yake. Akarudi Tanta kwa hiari, na mwaka 1866 akaingia Azhar.

Mwaka 1871 Sayyid Jamal al-Din al-Afghani alifika Cairo, akawahimiza wanafunzi wake waandike. Mwaka 1876 Abduh akaandika katika gazeti la al-Ahram, lililoanza mwaka huo huo. Mwaka 1880 akawa mhariri wa gazeti la serikali, akikemea rushwa na israfu. Alipofukuzwa Misri baada ya vita vya 1882, hakuiweka kalamu chini: mwaka 1884, yeye na Sayyid walitoa Paris al-Urwa al-Wuthqa, matoleo 18, ambayo Waingereza waliyazuia yasiingie Misri wala Bara Hindi. Mwaka 1897 akatoa Risalat al-Tawhid, iliyotokana na masomo aliyofundisha Beirut. Alifariki mwaka 1905.

Athari yake ilifika hata kwetu: Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alifuata nyayo hizo alipotoa al-Islah, Mombasa, mwaka 1932.

Basi enyi waalimu na wazazi, zingatieni. Akili ya kijana yule haikubadilika; kilichobadilika ni namna ya kumfundisha. Lau mzee yule angalishika bakora badala ya kukiokota kitabu, Waislamu wangalimkosa Abduh. Mtoto asiyefahamu asiitwe mjinga kabla mwalimu hajajihesabu mwenyewe: je, nimemfahamisha, au nimemkaririsha tu? Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.