Keynes: Mchumi aliyefilisika ndipo akajifunza kushikilia hisa

John Maynard Keynes ni jina kubwa la uchumi nchini Uingereza. Lakini kabla ya kutajirika, soko lilimnyoosha.

Mwaka 1920 alicheza na sarafu kwa hela ya mkopo: akauza maki ya Ujerumani na faranga ya Ufaransa akitegemea zitashuka. Mwezi Mei zikapanda ghafla. Jamaa akabaki mtupu, ikabidi akope pauni 5,000 kwa tajiri mmoja ili ajikwamue. Kinachouma ni kwamba alikuwa sahihi, maki ilikuja kuporomoka kabisa mwaka 1923. Hela yake tu ndiyo iliisha mapema.

Mwaka 1924 akawa mtunza hazina wa chuo cha King's, Cambridge. Vyuo vingi viling'ang'ania ardhi na hati fungani; yeye akaingiza fedha kwenye hisa. Mwanzoni alijaribu kubashiri lini anunue na lini auze. Anguko la 1929 likamkuta hajajiandaa, mchumi mzima!

Hapo akabadilika. Akachagua kampuni chache anazozielewa, akazishikilia kwa miaka. Mwaka 1937 na 1938 bei zikaanguka tena, akapoteza nyingi na lawama zikaja, ila hisa za chuo hakuziuza ovyo.

Alifariki Aprili 1946 akiwa na miaka 62. Mfuko wa chuo ulioanza na pauni 30,000 hivi ulikuwa umefika takriban 380,000, na gawio la kila mwaka lilikuwa likitumiwa humo humo chuoni.