Askari Aliyedai Mshahara Wake

Boma la Wajerumani pale Biharamulo latukumbusha askari Waafrika waliowatumikia. Wengine walivutwa na mshahara, wengine na heshima ya sare. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alimfuata baba yake aliyekuwa askari. Vita ilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini, mtoto wa miaka 10. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake, akanyimwa. Mwaka 1941 Wanazi walimfunga, na mwaka 1944 akafia kambini Sachsenhausen. Wazazi wenzetu, watoto hufuata nyayo zetu. Basi tuangalie tunakokwenda, wala tusizuie ujira wa mtu.