Martin Luther King kati ya shule mbili

Tunapotaja jina la Martin Luther King, wengi wetu tunamkumbuka mchungaji aliyehubiria umati mkubwa Washington mwaka 1963, ama yule aliyeuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Leo tunapenda kumtazama akiwa kijana wa shule. Katika makanisa yetu kuna wazazi wengi ambao vita au ukosefu wa pesa umewalazimisha kumtoa mtoto katika shule nzuri na kumpeleka pengine, na moyo wao hautulii.

Alizaliwa Atlanta, kusini mwa Marekani, tarehe 15 Januari 1929. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Wabaptisti la Ebenezer, na kabla yake babu mzaa mama, A. D. Williams, alilichunga kanisa hilo hilo. Baada ya shule ya msingi, wazazi walimwandikisha katika shule ndogo ya kulipia iliyokuwa chini ya Atlanta University, chuo kikuu cha watu weusi. Alisoma pale miaka miwili. Ni katika wakati huo alianza kuuliza maswali magumu. Akiwa na miaka 13 alilishangaza darasa lake la shule ya Jumapili kwa kukana kwamba Yesu alifufuka kwa mwili. Hatuwezi kusema ni shule iliyomtia hayo kichwani (Mei 1941 alikuwa amefiwa na bibi yake aliyempenda sana), lakini hakuwa mtoto wa kukariri tu.

Mwaka 1942 shule ile ikafungwa. Martin akahamia Booker T. Washington High School, shule ya serikali, kubwa, iliyojaa watoto wa kila hali. Hapa kuna habari ambayo sisi wachungaji tungepaswa kuijua. Kabla ya 1924, Atlanta haikuwa na shule hata moja ya sekondari ya serikali kwa watoto weusi. Mchungaji Williams, aliyeongoza mjini tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alikuwa mbele katika kuhimiza wapiga kura weusi waukatae mkopo wa mji mpaka watoto wao nao wakumbukwe. Shule ikajengwa. Williams alifariki mwaka 1931, mjukuu akiwa na miaka 2 tu. Hakumwona akiingia katika lango lile.

Tusiipambe shule hiyo kupita kiasi. Martin alirushwa madarasa mawili, na waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba alipofika chuo kikuu uwezo wake wa kusoma ulikuwa bado wa darasa la nane. Mapengo yale aliyajaza baadaye kwa jasho. Lakini ilikuwa shule ya watu wote. Kwa maoni yetu, ile ndogo ilimwachia uhuru wa kuuliza, na ile kubwa ikampa watu wa kuuliza kwa ajili yao.

Ili kufika huko alipanda basi kuvuka mji, na weusi walikaa nyuma hata viti vya mbele vikiwa vitupu. Tarehe 17 Aprili 1944 alisafiri na mwalimu wake, Bibi Bradley, mpaka mji wa Dublin kwa mashindano ya hotuba. Alisema juu ya watu weusi na Katiba ya nchi. Wakati wa kurudi usiku, dereva aliwaamuru waachie wazungu viti, akawatukana. Martin hakutaka kuinuka. Mwalimu akamsihi atii sheria, naye akatii, wakasimama kilomita zipatazo 145 hadi Atlanta. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba hajawahi kukasirika kama usiku ule.

Septemba 1944 akaingia Morehouse College, na miaka 15 yake. Mwaka 1948 akawekewa mikono kuwa mchungaji.

Desemba 1955, huko Montgomery, watu weusi waligomea mabasi ya mji wakamwomba awaongoze. Alikuwa na miaka 26. Walitembea siku 381, na wengi wao walikuwa wapishi, wafua nguo na vibarua, wazazi wa watoto kama wale aliosoma nao.