Clemente: Mchezaji wa benchi aliyechaguliwa wa kwanza

KILA Agosti, vijiwe vya Sumbawanga havikosi ubishi wa kupanga vikosi vya Fantasy Premier League. Huyu alifunga mangapi, yule alicheza dakika ngapi, bei yake ikoje. Mchezaji wa benchi hakuna anayemgusa. Ila kama Pittsburgh Pirates wangechagua kwa hesabu hiyo mwaka 1954, Roberto Clemente wasingempata kamwe.

Clemente hakuwa mwanasoka. Alicheza besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo, akiwa mlinzi wa nje upande wa kulia. Walinzi wa nje wako watatu. Wanasimama mbali na mpigaji, wanaukimbilia mpira mrefu, wanaudaka na kuurudisha ndani fasta. Zamu ikifika, nao wanashika gongo. Ni kama beki wa pembeni wa siku hizi: akabe, halafu apande kushambulia.

Alizaliwa Agosti 18, 1934, Carolina, Puerto Rico. Baba yake alikuwa mnyapara wa mashamba ya miwa. Shuleni alirusha mkuki, na mkono ule ndio uliokuja kumtoa.

Februari 1954 alisajiliwa na Brooklyn Dodgers kwa bonasi ya dola 10,000. Hapo kukawa na mtego. Kwa kanuni za wakati huo, kijana aliyepewa bonasi ya zaidi ya dola 4,000 akipelekwa timu ya chini, klabu nyingine iliruhusiwa kumchukua msimu ukiisha. Dodgers wakampeleka Montreal Royals na kumsugulisha benchi. Wengi waliamini anafichwa.

Clyde Sukeforth, msaka vipaji wa Pirates, alikwenda kuitazama Montreal kwa ajili ya mrushaji Joe Black. Mazoezini akamwona kijana anarusha mpira kutoka mbali kwa nguvu ya ajabu, na anakimbia balaa. Takwimu zake zilikuwa za kawaida tu, wastani wa .257, yaani kama mpigo mmoja safi katika kila majaribio manne. Sukeforth hakujali. Takwimu zinaeleza kile mchezaji alichofanya kwa nafasi alizopewa. Huyu nafasi hakupewa.

Pirates walikuwa wamemaliza mkiani, hivyo wao ndio waliotangulia kuchagua. Novemba 22, 1954, wakamchukua Clemente kwa dola 4,000 tu.

Msimu wa kwanza wastani ukawa .255. Mtu wa fantasy angeshamuuza mapema. Pirates walivumilia. Mwaka 1960 wakatwaa ubingwa, na Clemente akapiga mpigo safi katika mechi zote saba za fainali. Mwaka 1971 akarudia, safari hii akiwa mchezaji bora wa fainali. Katika misimu 18 aliongoza ligi yake kwa wastani wa upigaji mara nne, akatwaa tuzo 12 za ulinzi na kufikisha mipigo 3,000.

Haikuwa mteremko. Alikuwa mweusi na lugha yake ilikuwa Kihispania. Waandishi walimwita Bob wakati jina lake Roberto, wakadhihaki Kiingereza chake. Mgongo alioumia kwenye ajali ya gari ulipomsumbua, wakasema anategea.

Desemba 1972 tetemeko liliivunja Managua, mji mkuu wa Nicaragua, na kuua maelfu. Clemente alikusanya misaada. Aliposikia kwamba mizigo inaishia mikononi mwa wakubwa, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Desemba 31, ndege iliyozidishiwa mzigo ikaanguka baharini punde tu baada ya kupaa San Juan. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 38. Mwaka uliofuata akaingizwa kwenye Jumba la Magwiji bila kusubiri ile miaka mitano ya kawaida.

Waliokuwa Uwanja wa Nelson Mandela Oktoba 2020 wanajua makaratasi yanavyoweza kudanganya: Prisons waliwachapa Simba, mabingwa watetezi, 1-0. Na huko Laela, Matai na Namanyere kuna vijana ambao dakika zao hazihesabiwi na simu yoyote. Hao hawachaguliwi kwa takwimu. Lazima mtu apande Ufipa akawaangalie kwa macho, hata kama alimfuata mwingine.