Historia: H. G. Wells, mwandishi aliyegeuza vita kuwa mchezo wa sakafuni

Kila juma, katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, watu wazima wanakutana kuzunguka meza na kupiga vita isiyomwaga damu. Kila mmoja anakuja na jeshi lake la sanamu ndogo, zenye urefu wa sentimita tatu hivi, alizozipaka rangi kwa mkono wake: askari wa siku zijazo, mashine zinazotembea kwa miguu, viumbe vya sayari zingine. Wanapima hatua za askari kwa kipimo cha fundi, wanarusha dadu kama zile za ludo ili kujua nani amepigwa, na jioni kila mtu anarudisha jeshi lake katika sanduku.

Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hiyo, Warhammer 40,000, ulitoka Uingereza mwaka wa 1987. Lakini mtu ambaye wachezaji wengi wanamheshimu kama baba wa michezo hiyo alikuwa amekufa miaka 41 mbele ya hapo. Ni Herbert George Wells, mwandishi Mwingereza anayehesabiwa pia kati ya waanzilishi wa hadithi za kisayansi.

Mtoto wa butiki isiyoleta faida

Wells alizaliwa tarehe 21 mwezi wa kenda 1866 huko Bromley, kusini-mashariki mwa London. Baba yake, Joseph, alikuwa na butiki ya vyombo vya udongo na vifaa vya michezo, na alicheza kriketi kwa malipo. Butiki haikuleta faida. Pesa ya kriketi ndiyo iliyosaidia jamaa kula.

Mwaka wa 1874 mtoto huyo alivunjika mguu akalala kitandani siku nyingi, akisoma vitabu alivyoletewa. Ndipo alipoanza kupenda kusoma. Mwaka wa 1877 ikawa zamu ya baba kuvunjika mguu, na kriketi ikaishia hapo. Mama yake, Sarah, alirudi kufanya kazi kama msimamizi wa watumishi katika nyumba ya matajiri iliyoitwa Uppark, na watoto wakapelekwa huku na kule kujifunza kazi.

Kijana Wells alitumwa Southsea kujifunza kuuza vitambaa. Kazi ilikuwa ya masaa 13 kwa siku, na usiku alilala chumba kimoja na vijana wenzake. Alivumilia miaka miwili, kisha mwaka wa 1883 akakataa kuendelea. Akawa mwalimu msaidizi huko Midhurst, na mwaka uliofuata akapata bursi ya kusoma sayansi London. Huko alifundishwa biolojia na Thomas Henry Huxley, mtetezi mkubwa wa mawazo ya Darwin.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1934, Wells alieleza kwamba alipokuwa mvulana huko Bromley alikuwa akitembea peke yake kwenye vilima huku akiongoza majeshi makubwa akilini mwake. Waliompita njiani waliona mtoto mwembamba tu anayetembea.

Watu wa Mars wanashambulia London

Kati ya mwaka wa 1895 na 1898 alitoa vitabu vinne vilivyomletea jina duniani kote. Cha kwanza, The Time Machine, kilisimulia safari ya mtu hadi nyakati za mbali zijazo. Cha mwisho, The War of the Worlds, kilileta vita kutoka sayari ya Mars.

Katika hadithi hiyo, viumbe vya Mars vinatua Uingereza vikiwa na mashine ndefu za miguu mitatu, silaha inayochoma watu kwa joto, na moshi mweusi wenye sumu. Jeshi lililokuwa likiogopwa kila bara linapigwa kwa siku chache, na wakaaji wa London wanakimbia na mizigo kichwani. Kinachookoa watu si mizinga. Ni vijidudu vya magonjwa, ambavyo miili ya wageni hao haikuvizoea.

Wells hakuandika hadithi hiyo kuchekesha watu. Ndani yake aliwakumbusha Waingereza maangamizi ya wenyeji wa kisiwa cha Tasmania yaliyoletwa na Wazungu. Alitaka wasomaji wake, raia wa nchi iliyotawala wengine, waone kwa mara moja jinsi inavyokuwa kuvamiwa na mtu mwenye silaha usizoweza kushindana nazo.

Mzinga mmoja mezani

Mchezo wa vita ulianza kwa bahati, katika nyumba yake ya Sandgate, kando ya bahari. Siku moja baada ya chakula cha mchana, rafiki aliona mezani askari wachache wa kuchezea na mzinga mdogo wenye springi, uliorusha kipande cha mti. Alilenga, akapiga, askari akaanguka. Wells hakumtaja jina, aliandika tu herufi J. K. J.; wengi wanaamini ni mwandishi Jerome K. Jerome. Watu wazima hao wawili walianza kushindana palepale.

Askari wa namna hiyo walikuwa rahisi kupata. Tangu mwaka wa 1893, kampuni ya Britain ya London ilikuwa ikitengeneza askari wa chuma laini wenye tumbo tupu, waliopakwa rangi tayari, kwa bei ndogo kuliko wale waliotoka Ujerumani.

Mwanzoni Wells na rafiki zake walipanga vitabu vinene kwenye zulia kama vilima na nyumba. Baadaye wakatumia vipande vya mbao, nyumba za karatasi ngumu, na matawi ya bustani kama miti. Sheria ziliongezeka kidogo kidogo. Pazia lilifungwa katikati ya chumba ili kila jenerali apange jeshi lake bila kuonekana. Askari wa miguu alisogea sentimita 30 hivi, wa farasi mara mbili. Mzinga usiokuwa na askari wanne karibu yake haukuweza kupiga. Vikundi sawa vikikutana ana kwa ana, mtu aliangukia kwa mtu. Kikundi kidogo kikizungukwa, kilitekwa. Saa ilihesabu dakika za kila upande, ili jenerali asiwaze mpaka usiku. Dadu hazikutumika: aliyeangushwa na mzinga ndiye aliyekufa.

Michezo ya namna hiyo ilikuwapo tayari, lakini kwa ajili ya maofisa. Jeshi la Prussia lilifundisha makamanda kwa ramani na dadu tangu mwaka wa 1824. Wells aliutoa mchezo kambini akauleta nyumbani. Mwaka wa 1913 alitoa kitabu cha sheria zake, Little Wars.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu

Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni ya kucheka. Sehemu ya mwisho ni tofauti. Wells aliandika kwamba mtu akicheza mara tatu au nne tu, ataelewa jinsi vita ya kweli ilivyo jambo la ovyo. Alieleza pia kwamba kila mwanajeshi wa cheo aliyekuja kucheza naye alichanganyikiwa upesi kwa sheria chache za sakafuni. Kama kamanda anashindwa na askari wa kuchezea, atafanya nini na watu wenye damu? Pendekezo lake lilikuwa kuwafungia wafalme na majenerali wapenda vita katika chumba kimoja chenye askari wengi wa kuchezea, wamalizane huko, na watu wengine waachwe waishi.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa nane 1914, vita kubwa ya kwanza ya dunia ililipuka. Na Wells akaiunga mkono. Aliandika makala akisema kwamba kuishinda Ujerumani kutamaliza vita zote, na mwaka wa 1918 alifanya kazi ya propaganda kwa ajili ya serikali. Vifaru, ambavyo alikuwa amevibuni katika hadithi ya mwaka wa 1903, viliingia kweli uwanjani mwezi wa kenda 1916 huko Ufaransa. Mamilioni walikufa, na vita hiyo haikumaliza nyingine yoyote.

Kutoka kitabu hadi Shinkolobwe

Mwaka huohuo wa 1914 alitoa The World Set Free, hadithi ambamo miji inaharibiwa na mabomu aliyoyaita ya atomu. Mwaka wa 1932 kitabu hicho kilisomwa na mwanasayansi Leo Szilard, aliyezaliwa Hungaria. Mwaka uliofuata, akiwa London, Szilard alipata wazo la namna nguvu ya atomu inavyoweza kufunguliwa. Mwaka wa 1939 alisaidia kuandaa barua ambayo Albert Einstein alimtumia Rais Roosevelt wa Marekani. Barua hiyo ilitaja Kongo ya Ubelgiji kama chanzo muhimu kuliko vyote cha urani.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Tarehe 6 mwezi wa nane 1945 bomu lilianguka Hiroshima. Wells alikuwa bado hai, mzee na mgonjwa, kusikia habari hiyo.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kudai sheria ya kulinda binadamu wote. Mwaka wa 1940 alitoa kitabu kuhusu haki za binadamu, na majadiliano aliyoyaanzisha yanahesabiwa kati ya yale yaliyotangulia Tangazo la Ulimwengu la mwaka wa 1948. Hakuliona tangazo hilo. Alikufa nyumbani kwake London tarehe 13 mwezi wa nane 1946, akiwa na umri wa miaka 79, na majivu yake yakatupwa baharini.

Little Wars bado inachapishwa. Wachezaji wa leo wamebadilisha mzinga wa springi kwa dadu, na zulia kwa meza. Majeshi wanayopaka rangi yanafanana zaidi na yale ya Mars kuliko yale ya mwaka wa 1913.