Flo Hyman: Staa wa voliboli aliyebeba ugonjwa bila kujua

Huku Olenguruone, msichana akirefuka kuliko wenzake, mwalimu wa michezo humvuta mapema kwenye neti. Urefu ndio uliompa Flo Hyman jina. Lakini urefu huohuo ulikuwa dalili ya ugonjwa ambao hakuna aliyeushuku.

Flo alizaliwa Julai 31, 1954, akakulia Inglewood, California. Utotoni alikionea haya kimo chake, kisha akakikubali. Alifika sentimita 196. Katika Chuo Kikuu cha Houston alikuwa mwanamke wa kwanza kupata ufadhili wa michezo.

Mwaka 1980 ndoto yake ya Olimpiki iligonga mwamba: Marekani ilisusia michezo ya Moscow, Kenya nayo ikakaa nyumbani. Akangoja miaka minne mingine. Los Angeles 1984, kulekule Julius Korir wetu wa Nandi alikonyakua dhahabu, Flo akiwa na miaka 30 aliondoka na fedha baada ya China kuwalaza kwenye fainali.

Kisha akaenda Japani kuchezea klabu ya Daiei. Januari 24, 1986, mjini Matsue, alitolewa uwanjani kupumzika. Akaketi kwenye benchi, na ghafla akaanguka. Akafariki akiwa na miaka 31 tu.

Mwanzoni ilidhaniwa ni mshtuko wa moyo. Kumbe la! Upasuaji wa maiti ulionyesha kwamba aota, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo, ulikuwa umepasuka. Chanzo kilikuwa ugonjwa wa Marfan, kasoro ya jeni inayorithiwa. Hulegeza nyuzi zinazoshikilia mwili. Ukuta wa aota hutanuka polepole, kisha huchanika, na damu huvujia ndani.

Baadaye kaka yake alipimwa, akapatikana nao, akafanyiwa upasuaji mapema.

Sasa usiogope, si kila mrefu ana Marfan. Ila kama mikono yako ikinyooshwa inapita kimo chako, kifua kimebonyea, macho yanasumbua, au kuna jamaa aliyeanguka ghafla akafa, mwambie daktari akupige picha ya moyo. Mzazi mwenye ugonjwa huu ana uwezekano wa asilimia 50 kumrithisha kila mtoto. Dawa za kupunguza presha zipo, na aota iliyotanuka hubadilishwa kabla haijapasuka.